Sadaka Iliyorudishwa



Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto wa Kenya alisali pamoja na waamini wa kanisa katoliki la Soweto, mjini Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na watoto wa Utoto Mtakatifu, na shilingi 2,000,000 za kujengea nyumba ya padre. Tena aliahidi 3,000,000 nyingine pamoja na basi la parokia. Gavana wa Nairobi naye alitoa 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa, na kwamba ahadi zile hazitapokewa. Wengi walishangilia, wengine walinung'unika. Sisi twapenda kulipima jambo lenyewe: je, Kanisa laweza kukataa sadaka bila ya kumkosea mtoaji, na bila ya kuwadhulumu maskini wake?

Walionung'unika wana hoja, wala haifai kuzidharau. Nyumba ya padre ni haja ya kweli, na fedha za tajiri hununua saruji ile ile inunuliwayo na fedha za maskini. Tena mtawala aliyebatizwa ni Mkristu kama wengine. Kwa nini azuiwe kumtolea Mungu? Twajibu kwamba hazuiwi. Kapu la sadaka hupita mbele ya kila benchi. Aweza kutia humo chochote apendacho, kimya kimya, kama afanyavyo mama auzaye mboga sokoni. Lililokataliwa Nairobi si mkono wa mtu, bali ni desturi iliyozoeleka miaka mingi: kiongozi kusimama mbele ya altare, kushika kipaza sauti, kutaja fedha, kupigiwa makofi, kisha kuhutubia.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya zawadi na bei. Zawadi haidai kitu. Bei hudai, hata kama haikutajwa. Wazee wetu walisema kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hatumhukumu mtu moyoni mwake, kwani hilo ni la Mungu peke yake. Lakini twaweza kuuliza swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza: mtumishi wa umma, ambaye mshahara wake wajulikana, ayapata wapi mamilioni ya kugawa Jumapili hata Jumapili? Ikiwa yatoka katika hazina ya nchi, basi wananchi wanapewa mali yao wenyewe, nao wanatakiwa kushukuru. Ikiwa yatoka kwa marafiki matajiri, basi marafiki hao watataka kulipwa siku moja, na mlipaji atakuwa ni yule yule mwananchi. Rais mwenyewe aliuona ubaya wa desturi hiyo, maana mwezi wa Julai 2024 alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee.

Injili ya Mathayo yatukumbusha kwamba wakuu wa makuhani walikataa kuvitia katika hazina ya Hekalu vile vipande vya fedha alivyovitupa Yuda, kwa sababu vilikuwa ni bei ya damu. Walijua sheria vizuri. Ila fedha hizo wao wenyewe ndio waliozilipa! Hivyo twafundishwa kwamba haitoshi kuuliza kama fedha ni safi inapoingia sandukuni. Yatupasa kuuliza pia ilikofanya kazi kabla ya kufika pale.

Tena liko neno zito zaidi. Siku tatu tu kabla ya Jumapili ile, maaskofu wa Kenya walikuwa wametoa tamko kali juu ya uongo, rushwa na mzigo wa kodi. Kanisa lingewezaje kukemea Alhamisi na kupokea Jumapili? Kinywa kilichojaa hakisemi. Mwaka 390 Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alimwambia Kaisari Theodosio kwamba hataadhimisha Misa mbele yake mpaka afanye kitubio kwa ajili ya watu waliouawa Thesalonike; na Kaisari alitubu hadharani. Askofu mwenye deni kwa Kaisari angeliyasema hayo kwa sauti gani?

Tutazame na mitambo ya siku hizi, maana imegeuza mambo. Katika maandamano ya mwezi wa Juni 2024, vijana wa Kenya waliitana kwa simu zao, na kwa simu hizo hizo waliwauliza viongozi wa dini kwa nini altare imekuwa jukwaa la siasa. Picha ya Jumapili asubuhi huenea nchi nzima kabla ya adhuhuri. Lakini simu hiyo ina wema wake pia. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi wa Machi 2007, mtu aweza kuitumia parokia yake shilingi 50 bila jirani kujua. Makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, sadaka nyingi zilipita njia hiyo.

Hata hivyo mtambo hausafishi moyo. Ziko jumuiya ambamo majina ya watoaji hupangwa katika kundi la WhatsApp, mwenye kingi juu, mwenye kidogo chini, na asiyetoa huonekana kwa kukosekana kwake. Je, huko si kumfanyia mjane yale yale tunayowakataza wanasiasa? Senti mbili za yule mjane wa Injili, Bwana wetu alizipima kwa kile alichobakiwa nacho, yaani si kitu.

Basi, ndugu Wakristu, tusishangilie bure. Fedha iliyorudishwa imeacha deni, na deni hilo ni letu sisi walei. Zile zilizotolewa taslimu zilikuwa 2,800,000. Waamini 2,800, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi, watazifikisha kwa miezi 10. Haba na haba hujaza kibaba. Parokia ambayo waamini wake hawafanyi hivyo itamngoja tena mgeni mwenye bahasha, na padre wake atalazimika kuchagua kati ya paa linalovuja na ulimi uliofungwa. Tusimtie padre wetu katika jaribu hilo. Uhuru wa mahubiri una gharama yake, na yafaa ilipwe na wale wanaoyasikiliza.