Haki ya Mlevi Mgonjwa juu ya Nduguze

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika nchi ya Masasi na Newala mkorosho ni mti wa neema na mtihani pamoja. Korosho yake huuzwa, ikalipa karo ya watoto na bati za nyumba. Bibo lake hukamuliwa likawa uraka. Na uraka ukipikwa, mvuke wake hukusanywa ukawa nipa, ulevi mkali kuliko wa kwanza. Mti mmoja watoa riziki ya halali na kinywaji cha haramu, na mara nyingi mkono ule ule hupokea yote mawili.

Kwamba ulevi ni haramu, hapana khitilafu baina ya Waislamu. Lililo na haja ya kutazamwa ni swali jingine: mtu aliyezama katika ulevi hatta mwili na akili vikaharibika, je, ana haki ya kuuguzwa, au aachwe ale alichojipikia?

Wako wasemao: amejitakia mwenyewe, na mwenye kumhudumia asaidia maasia. Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, walakini hayasimami. Mwizi apandaye mnazi wa mwenziwe akaanguka akavunjika mguu, mguu wake hufungwa, wala hapana anenaye kwamba aliyemfunga amesaidia wizi. Hukumu ya wizi ni mlango mmoja, na mguu uliovunjika ni mlango mwingine.

Na atazamwe mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi. Ramadhani huzunguka, na miaka mingine huangukia msimu wa mabibo, kama ilivyokuwa mwaka 2004. Mwezi uandamapo, mtu yule huona haya mbele ya Mola wake, akaacha kunywa ghafula. Siku ya kwanza mikono yatetemeka na jasho lamtoka. Huenda akashikwa na kifafa. Siku ya pili au ya tatu huweza kuona wadudu ukutani na kusikia sauti za watu wasiokuwapo. Jamaa husema ni majini, au ni laana, wakamfunga kamba wakamfungia chumbani. Kumbe sababu yajulikana: ubongo uliozoea kutulizwa na kileo, kikiondolewa kwa mara moja, hufurukuta, na hali hiyo yaweza kuua. Basi huenda mtu akafa katika toba yake, na kamba imo mikononi mwa nduguze.

Dawa yake si fumbo. Muuguzi aliyefundishwa humlaza mahali pa utulivu penye mwanga, humpima joto na mapigo ya moyo mara kwa mara, humpa maji, na vitamini B1 ambayo ulevi huipunguza mwilini. Kwa amri ya tabibu humpa dawa ya kutuliza iitwayo diazepamu, ikipunguzwa siku kwa siku hatta ikaisha. Humwita kwa jina lake, humweleza yuko wapi na leo ni siku gani, wala hamcheki.

Na akisema mtu kwamba dawa hiyo nayo hulewesha, jawabu ni kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Ndiyo njia iliyoshikwa Muhimbili tangu mwaka 2011, watumwa wa heroini walipoanza kupewa methadoni kwa kipimo, mbele ya macho ya mhudumu. Na Mola mwenyewe hakuwakataza watu wa Madina ulevi kwa neno moja: kwanza aliwajulisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha akawazuilia sala hali wamelewa, kisha katika Sura ya Al-Maida akaufunga mlango kabisa. Haramu imekwisha timia, wala hapana ruhusa ya kurudi nyuma; lakini katika kumtoa mgonjwa shimoni, hekima ya daraja ingalipo.

Zama za Mtume (s.a.w.) palikuwa na mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi akaadhibiwa. Mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipita, na udugu ukabaki. Na bibi Rufaida aliwauguza majeruhi Madina katika hema lake. Basi kazi ya uuguzi si ngeni katika Uislamu.

Hospitali ya Mirembe kule Dodoma imewapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927. Lakini toka Newala hatta Dodoma ni safari ndefu, na mgonjwa wa siku tatu haingoji. Yapasa basi jamaa wamwendee mlevi katika Shaabani, kabla ya mwezi kuandama, wampeleke kwa matabibu walio karibu, na akiwa mgonjwa ale, alipe siku zake baadaye. Na akirudi, apewe nafasi katika safu na kazi iliyo mbali na mtungi. Kwani aliyefukuzwa msikitini hana pengine pa kukaribishwa ila kilabuni.

Mwenyezi Mungu awaponye walio wagonjwa, na awalainishe nyoyo walio wazima. Amin. Wallahu aalam.