Utu Bila Jinsia katika Bunilizi za Kisayansi

Viumbe wasio na jinsia, au wenye zote mbili, wamewasaidia waandishi wa bunilizi za kisayansi kuuliza swali la kifalsafa: mtu akiondolewa uanaume na uanamke, utu wake unabaki mzima? Theodore Sturgeon alilichokonoa mwaka 1960 katika Venus Plus X. Aliyelifikisha mbali zaidi ni Mmarekani Ursula K. Le Guin, katika The Left Hand of Darkness ya mwaka 1969.

Wakazi wa Gethen, sayari ya baridi kali, ni binadamu, lakini kwa siku 21 au 22 za kila mzunguko hawana jinsia wala ashiki. Kisha huingia kemmer, kipindi kifupi ambapo kati ya wapenzi wawili mmoja huwa wa kike na mwingine wa kiume, bila kujichagulia. Aliyezaa leo aweza kesho kuwa baba. Hata mfalme wa Karhide, mojawapo ya nchi za sayari hiyo, anashika mimba. Hakuna basi nusu ya watu iliyozaliwa kuitawala nusu nyingine. Vita havijulikani huko, ingawa riwaya inaacha wazi kama sababu ni maumbile au ni baridi.

Uzito wa kitabu umo katika macho ya mgeni. Genly Ai, mjumbe kutoka sayari nyingine, hamwamini Estraven, waziri mkuu anayemtetea, kwa kuwa anamtazama kama mwanamume na kila dalili ya uanamke inamtia shaka. Baadaye, wakivuka uwanda wa barafu wawili tu, Estraven anaingia kemmer ndani ya hema lao. Hawalali pamoja. Lakini hapo ndipo Ai anapokiri alichokuwa akikikwepa, kwamba mwenzake ni mwanamke pia, na urafiki wao unapata mizizi. Mpelelezi aliyemtangulia alikwisha kuandika kwamba kupimwa kama mtu tu kunatisha. Hofu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote: inafichua ni kiasi gani cha heshima ya mtu hutegemea jinsia yake.

Wakosoaji walilalamika, kwa haki, kwamba Estraven huonekana katika shughuli zilizozoeleka kuwa za kiume, karibu kamwe si katika malezi. Le Guin alijitetea kwanza, kisha akakubali.

Octavia Butler, katika Dawn ya mwaka 1987, aligeuza swali. Ooloi wake, jinsia ya tatu ya Waoankali, viumbe kutoka nje ya Dunia, ndio wanaochanganya mbegu za uzazi, na ndio wenye nguvu. Kwake, la kuulizwa ni kama binadamu wanaounganishwa nao wameridhia kwa hiari.