Mbwa Ubavuni mwa Chombo

Mbwa akitaka kuingia baharini hahitaji msaada wa mtu. Huruka kutoka ukingoni mwa mashua, akaogelea apendavyo, akazunguka kutoka omo hata tezi, na waliomo chomboni wakafurahi kumtazama. Taabu huanza pale anapotaka kurudi. Ubavu wa mashua umesimama mbele yake kama ukuta. Kucha za mbele zinakwaruza mbao, na miguu ya nyuma, ambayo katika nchi kavu ndiyo impayo nguvu ya kuruka, haina pa kukanyaga ila maji. Manyoya yamelowa na uzito umezidi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo si dogo kama linavyoonekana: aliye juu ana dhima gani kwa mnyama aliye chini, ilhali mnyama mwenyewe ndiye aliyejitosa?

Wengi watajibu kwamba hana dhima yoyote; akimpandisha ni hisani, asipompandisha halaumiwi, kwani mbwa kajitakia. Mimi sikubaliani nao. Mto una kingo zake na pwani ina mchanga wake, na mbwa aliyejitosa hapo hutoka mwenyewe, akajikung'uta, akaenda zake. Ukuta wa mbao ni kazi ya fundi, na aliyempakia mbwa chomboni ni mwanadamu. Tumemtia mahali ambapo njia ya kutoka i wazi kwa kila kiumbe, na njia ya kurudi i wazi kwa mwenye mikono tu. Basi kumpandisha ni deni kabla ya kuwa hisani.

Kipo kisa cha kale kinachonisumbua katika jambo hili. Mwaka 480 K.K., jeshi la Waajemi chini ya mfalme Xerxes lilipokaribia Athens, wenyeji waliuhama mji wao, na wengi wakavushwa hadi kisiwa cha Salamis. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba wanyama wa nyumbani waliachwa ufukweni wakilia. Miongoni mwao alikuwamo mbwa wa Xanthippus, baba yake Pericles ambaye baadaye aliiongoza Athens. Mbwa huyo hakustahimili kuachwa. Alijitosa baharini, akaogelea ubavuni mwa merikebu ya bwana wake mpaka Salamis, na alipofika nchi kavu nguvu zikamwishia, akafa papo hapo. Xanthippus akamzika kwenye rasi, na mahali pale pakaitwa Kaburi la Mbwa. Katika zama za Plutarch, zaidi ya miaka mia tano baadaye, bado watu walipaonyesha.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kwa kuusifu uaminifu wa mbwa, na sifa hiyo anaistahiki. Lakini mimi hunikwama pale penye neno "ubavuni". Mbwa hakuwa nyuma sana hata asionekane. Alikuwa kando ya chombo, na merikebu za vita za aina ile zilikuwa na wapiga makasia wapatao 170. Plutarch hasemi kwamba yeyote kati yao alinyoosha mkono.

Insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Mji mzima ulikuwa ukikimbia. Adui alikuwa karibu, na kusimamisha makasia kwa ajili ya mbwa kungeweza kuhatarisha roho za watu. Nahodha ambaye angefanya hivyo angelaumiwa, na huenda kwa haki. Hata hivyo, kaburi lilichimbwa. Heshima ilipatikana pale ambapo haikuhatarisha chochote tena. Plutarch mwenyewe anakirudia kisa hiki anapoandika habari za Cato wa Roma, mtu aliyeshauri kwamba watumwa wakizeeka wauzwe, na hapo anasisitiza kwamba viumbe hai havitupwi kama kiatu kilichochakaa.

Kwetu pwani liko zingatio jingine, nalo haliruki msomaji wa huku. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, mbwa ni najisi nzito, na kiungo kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. (Kwa Imam Malik, mbwa aliye hai ni tohara.) Asitokee mtu akaifanya hukumu hiyo kuwa udhuru wa kukunja mikono. Najisi huondoshwa kwa kuoshwa, si dhambi ya kutubiwa. Sheria imetaja gharama tu ya mguso. Kweli, katikati ya bahari udongo haupatikani, na baharia itambidi angoje mpaka afike pwani. Lakini gharama hiyo inalipika. Tena tunayo hadithi mashuhuri ya yule msafiri aliyemwona mbwa akila udongo wa majimaji kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa kinywa ili apate kupanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ajuaye kupanda kutoka shimoni kwa taabu alimjua mwenziwe.

Limebaki suala la namna. Mwenye papara humvuta mbwa kwa ukanda wa shingoni, akamkaba na kumtia hofu. Siku hizi yako majaketi ya kuokolea yaliyoshonwa kwa ajili ya mbwa, yenye mshikio mgongoni, na ziko mbao za mteremko za kupandia. Kama havipo, iko njia nyepesi. Mbwa akishaweka miguu ya mbele ukingoni, mtu huweka kiganja nyuma ya kichwa chake, akakikaza hapo bila kuvuta. Mbwa husukuma kisogo dhidi ya mkono ule, akapata egemeo alilolikosa majini, kifua kikavuka ukingo, na mwili ukafuata. Amepanda mwenyewe. Wapenzi wa mashairi hawatastaajabu, kwani wanajua jinsi mizani inavyoubana mshororo na kwa kuubana huko ikausimamisha.

Lakini mkono huo wamfaa mbwa mwenye nguvu bado. Aliyechoka hana cha kusukuma. Huyo hubebwa, kifuani na nyuma, na mtu mwingine akae upande wa pili chombo kisilale. Na aliyechoka habweki. Hunyamaza, kichwa kikashuka kidogo kidogo, hivyo asiyemtazama hatajua. Mbwa wa Salamis alikuwa na bwana mmoja, na deni lilikuwa la bwana huyo kwanza. Waliokuwa karibu zaidi na maji walikuwa wapiga makasia, na mikono yao yote miwili ilikuwa na kazi.