Nani Atangoje Udongo Upone?

Mwaka 1986 dawa za kuua wadudu zililetwa nchini kutoka Ugiriki, zikiwa msaada, na baadhi zilikuwa zimepitwa na muda wake. Ziliwekwa Vikuge, wilayani Kibaha, katika shamba la serikali la majani ya mifugo. Banda lililozihifadhi lilikuwa wazi, nalo baadaye likaanguka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupima udongo wa pale, miaka mingi baadaye, waliikuta DDT. (Tupewapo cha bure, twaona haya kukikagua mbele ya mgeni.)

Sasa twaambiwa kwamba udongo wa namna hiyo waweza kutibiwa na viumbe wa Mungu wenyewe. Vijidudu vya udongoni huivunjavunja DDT, ingawa polepole sana, na mara nyingi huacha DDE, ambayo nayo ni sumu isiyoondoka upesi. Maboga, kama yalivyojaribiwa Marekani na Kanada, huivuta sumu hiyo kwa mizizi mpaka kwenye shina na majani. Yafaa tufurahi. Lakini majani hayo hayaliwi, wala ng'ombe hapewi. Hung'olewa, hutunzwa mahali pa salama, kisha hupandwa mengine, msimu baada ya msimu.

Hapo ndipo penye swali letu. Mmea hufanya kazi bila mshahara; mwanadamu hudaiwa kujizuia. Naye anayedaiwa ni nani? Si aliyeleta dawa, wala aliyeliacha banda lianguke. Ni yule mwenye njaa akaaye kando ya uzio, akiyatazama majani mabichi ya maboga.

Sisi wa Yaeda Chini twaweza kudhani Kibaha ni mbali. Hapa Wahadzabe huchimba mizizi ya porini wakaila, Wadatoga huchunga, Wairaqw hulima. Mkulima akimwaga mabaki ya dawa atasema shamba ni lake. Mvua ikinyesha, maji huteremka bondeni, na bonde halina mwenyewe mmoja. Mhadzabe hawezi kuambiwa angoje miaka kumi akichimba kwingine, kwani huko kwingine kumekwisha kulimwa.

Kwa hiyo hatukubaliani na wasemao kwamba, maadamu tiba ya udongo imepatikana, tupunguze hofu. Aliyechafua ndiye ajenge uzio, tena awalishe majirani na mifugo yao kwa muda wote wa kungoja. Na kama hajulikani tena, hatuna budi kuchanga sote, hata tusiolima, maana nyama na mahindi ya bonde hili twala sote.