Tulimhurumia Mwuaji

Jioni moja hapa Bunia tulikusanyika watu tisa kwa jirani yetu mwenye televizio na jenereta, tukaangalia filamu ya mpelelezi Columbo. Ni filamu ya Marekani ya mwaka 1973, iliyotiwa maneno ya Kifaransa. Wengi wenu mwamjua Luteni Columbo: mtu mfupi mwenye koti lililochakaa na gari bovu, aulizaye maswali kama mjinga, naye akiisha kuaga hurudi mlangoni kuuliza neno moja tena. Mwajua pia ya kuwa katika filamu zake mwuaji hafichwi. Huonyeshwa tangu mwanzo, na mtazamaji hungoja tu aone jinsi atakavyonaswa.

Mwuaji wa jioni ile aitwa Adrian Carsini, mtengenezaji wa divai. Sisi wakatekista divai twaijua altareni tu, wala hatujui kuipima kwa ulimi. Lakini bwana yule aipenda divai kama mzazi apendavyo mtoto wa pekee. Taabu ni kwamba shamba la mizabibu ni mali ya ndugu yake, mwana wa baba yake kwa mama mwingine, naye ndugu ataka kuliuza kwa watu wa divai ya bei rahisi. Adrian akashikwa na hasira, akampiga kichwani, akamfunga kamba katika ghala ya divai, akazima mashine ya kupoza hewa, kisha akasafiri kwenda New York. Ndugu akafa kwa kukosa pumzi. Aliporudi, Adrian akamvika maiti mavazi ya wazamiaji, akamtupa baharini, ili watu wadhani ni ajali.

Lakini siku zile kulikuwa na joto kali, na divai ya ghalani ikaharibika. Columbo akatwaa chupa moja ya ghala ile, akahakikisha inaletwa mezani mbele ya mwenyewe pasipo kumwambia itokako. Adrian akaionja, akafoka: hii imeharibiwa na joto! Ulimi wake mwenyewe ukamshitaki. Mwishoni, wakiwa garini, luteni akamfungulia chupa nzuri, wakanywa pamoja kama marafiki.

Hapo watu wakanung'unika. Kijana mmoja akasema, "Wangemwacha tu. Mzee huyu si mtu mbaya." Tukaitika kwa kichwa, na sisi pia, tuliofundisha amri ya tano asubuhi ile ile. Ndipo mama mmoja mjane, aliyeketi karibu na mlango, akatuuliza: "Baba Katekista, yule aliyekufa, jina lake nani?"

Hakuna aliyelijua.

Swali lile limetukaa moyoni. Marehemu twamwona dakika chache tu, tena aonekana kijana wa anasa. Mwuaji twakaa naye muda wote wa filamu, twamsikia akicheka, twaona mikono yake ikishika chupa kwa upole. Upendo wetu ulifuata kujuana. Wako watakaosema kwamba kumhurumia mwuaji ndio moyo wa Kikristo, nasi twakubali nusu. Mwenyezi Mungu alimtia Kaini alama ili mtu asimwue. Lakini tuangalie utaratibu: kwanza aliuliza yuko wapi Abeli, tena akasema habari za damu yake iliayo toka ardhini. Alama ilikuja baadaye. Sisi tuliitoa alama kabla ya kuuliza.

Tena hatukujifunza jambo hili katika televizio. Mwaka 2012 mahakama ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kifungo cha miaka 14 kwa kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2014 ikamhukumu Germain Katanga miaka 12, kwa sababu ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Sisi wa Ituri twajua maneno yasemwayo majumbani juu ya watu wenye silaha wa upande wetu: huyu alitulinda, yule alisaidia kumzika baba. Huenda ni kweli yote. Sura zao twazijua. Wafu wa upande wa pili twawajua kwa neno moja tu, "walikufa wengi", na wao vilevile hutaja wafu wetu hivyo hivyo. Je, huruma hiyo ni fadhila, au ni mazoea ya watu wanaofahamiana? Twaogopa ni mazoea.

Juma lililofuata tulimwomba jirani aianze filamu upya, tukatega masikio. Marehemu aliitwa Ric. Tukampelekea mama yule jina. Akashukuru, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na msichana je, mchumba wake, yule aliyekwenda polisi kusema haonekani?"

Naye tulikuwa tumemsahau.