Nionyeshe Mfupa

Juzi bwenini tulitazama The X-Files, ile sehemu ya mwaka 2000 iitwayo Closure. Mulder, mpelelezi wa FBI, anamtafuta dada yake aliyepotea mwaka 1973, akiamini alichukuliwa na viumbe wa anga. Mwishoni anamwona kama njozi, katikati ya mwanga, na moyo unatulia. Wenzangu walicheka. Mimi nilimkumbuka shangazi yangu wa Nyamirambo, ambaye hajui kaka yake alilala wapi tangu 1994.

Nilimuuliza: akiletewa habari ya kufariji isiyo na ushahidi, ataipokea? Akasema, "Mwanangu, nionyeshe mfupa." Mwaka 2018, makaburi ya halaiki yalipogunduliwa Gasabo, alikwenda kutazama nguo. Akarudi kimya.

Katika fiqhi aliyepotea huitwa mafqud. Kwa Imam Malik, mkewe husubiri miaka minne, kisha hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Darasani niliiona kama hesabu kavu (nilikuwa nawaza mtihani). Sasa naona kwamba hukumu hiyo haijidai kujua mtu aliko. Inamfungulia njia aliyebaki. Mulder yeye alifunguliwa kwa kisa. Nabii Yaqub aliletewa kanzu yenye damu na kisa cha mbwa mwitu, akakikataa, akalia mpaka macho yakawa meupe. Hakuambiwa kwamba amekosa imani.

Shangazi bado anamwombea kaka yake kila Ijumaa. Hasemi kama ni dua ya aliye hai au ya maiti, nami siku hizi simuulizi.