Je, Hii Bado ni Honda ya Baba?

Pale kijiweni kwetu Nyasubi kuna jamaa ana jembe analolisifia kila mvua zikianza. Anasema ni la babu yake. Ukimbana kidogo anakiri kwamba mpini umebadilishwa mara tatu, na bapa lenyewe mara mbili. Tunamcheka: basi wewe huna jembe la babu, una jembe tu! Naye hukasirika kweli kweli, huinuka, hutaka kuondoka. Mimi nilikuwa mmoja wa wachekaji wakubwa, mpaka nilipogundua kwamba nyumbani, chini ya mwembe, nami nina jembe langu. La kwangu lina magurudumu mawili.

Ni Honda CG 125 ya mwaka 1979. Mzee aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1988, enzi hizo akiwa karani wa kununua pamba katika chama cha msingi. Ikambeba miaka kumi na kitu ndani ya Kahama ile ya zamani, kabla Ushetu na Msalala hazijapata halmashauri zao. Wazee bado wanaikumbuka kwa mlio. Si unajua tena, zamani pikipiki ilikuwa moja kijiji kizima, ukiisikia unajua nani anapita. Halafu ikafa kifo cha kawaida cha pikipiki: leo plagi, kesho klachi, keshokutwa hela ya spea imekwenda kwenye ada. Ikasukumwa bandani. Kuku wakaanza kutagia kwenye kiti chake, na mayai hayo nimeyala miaka mingi bila kuwaza lolote la kifalsafa.

Nilipoamua kuifufua sikuwa na hela. Naliweka hili wazi mapema, ndugu msomaji, kwa sababu ukosefu wa hela ndio ulionifikisha kwenye swali ninalokuletea. Mwenye nazo huagiza spea halisi kutoka nje, anafunga, anapiga kiki, anaondoka zake. Sisi wengine tunaokoteza. Na mtu anayeokoteza lazima siku moja ajiulize anaokota nini.

Nilianza na karai la mafuta ya taa, msasa, na spana za kuazima. Kila bolti niliyoifungua niliichora mahali pake kwenye daftari, kisha nikaitia kwenye kopo. Kazi hiyo peke yake ilikula wiki tatu, maana bolti iliyokaa na kutu miaka ishirini haitoki kwa nguvu, inatoka kwa ubembe. Unaidondoshea mafuta, unaigonga polepole, unaiacha ilale, kesho unarudi kuisalimia. Ukitumia hasira inakatika shingo, na hapo umejitafutia kazi ya siku mbili ya kutoboa na kuchonga.

Bahati yangu ilikuwa aina ya pikipiki yenyewe. Honda waliitoa CG 125 mwaka 1976, wakiitengeneza makusudi kwa ajili ya nchi ambako mtu hupakia gunia mbili na mke, hasafishi cheni, na oili anaikumbuka injini ikianza kupiga kelele. Vali zake husukumwa kwa vijiti kutoka chini, hazitegemei cheni ndani ya injini kama ndugu zake wengi wa Kijapani. Cheni ya nyuma ikafunikwa yote isile mchanga. Ni injini ya kipenyo cha milimita 56.5, yenye uvumilivu wa punda. Baadaye viwanda vya China vikaiiga, vikaipanua, vikaijaza dunia. Kwa hiyo zile SanLG na Fekon zilizobeba abiria wa mji huu miaka nenda rudi ni wajukuu wa Honda ya mzee, hata kama hawasalimiani. Pistoni, ringi, sahani za klachi: ingia duka lolote la spea mjini, nyingi zinakubali, au zinakubali baada ya kupigwa tupa kidogo.

Basi nikabadilisha. Pistoni mpya, silinda ikachongwa upya. Krenki ikaondoka. Beringi zote zikaondoka. Platini niliitupilia mbali, nikafunga mfumo wa kisasa wa umeme na taa za volti 12, kwani zile za zamani za volti 6 zilikuwa mshumaa wenye swichi. Rimu, spoki, shokapu za nyuma, eksozi. Kiti nilimpelekea fundi viatu, akakishona kwa turubai jeusi kwa bei ya kirafiki. Vijana wa kijiweni walitaka niendelee zaidi, nikate fremu kwa nyuma, nishushe usukani, iwe kama zile za kwenye sinema. Nilikata bamba la matope la nyuma tu, na hata hilo niliona aibu nilipolikata.

Siku nilipohesabu, vitu vya asili vilivyobaki vilikuwa fremu, tangi, usukani na kava moja la injini. Nikamkumbuka yule jamaa wa jembe. Nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Swali hili ni la zamani kuliko pikipiki. Plutarch aliandika juu ya meli ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kung'oa ubao uliooza na kupachika mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema meli ni ile ile, wengine wakasema si ile. Karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza kiungo kikali. Je, kama mtu angekuwa anaziokota zile mbao kuukuu moja moja, halafu akaziunga upya kwa mpangilio wake, ipi ingekuwa meli yenyewe?

Nilidhani Hobbes anacheza. Kumbe fundi wangu alikuwa amemsikia! Kila nilipotupa kitu aliniambia, "Mdogo wangu, usitupe, niachie mimi." Nikamwachia krenki, silinda kuukuu, gia mbili tatu. Mwaka haujaisha akanichukua Mhongolo kunionyesha bustani ya mchicha, na pembeni mwa kisima injini iliyofungwa kwenye kitanda cha mbao ikivuta maji. Ndani yake, akaniambia huku anacheka, mnazunguka krenki ya mzee wako. Nilisimama pale muda mrefu. Ile chuma ilimbeba baba kwenda Ushetu na kurudi. Sasa inamwagilia mchicha wa watu, na sikuhisi hata kidogo kwamba ile pampu ni Honda ya baba.

Kwa nini? Hapa ndipo nilipoanza kufikiri kwa dhati, si kwa mzaha wa kijiweni. Kama kitu ni jumla ya vyuma vyake, basi Honda ya baba iko nusu Mhongolo, nusu kwa wauza chuma chakavu, na kilichopo chini ya mwembe ni mgeni aliyevaa tangi lake. Wapo watu wa namna hiyo, wanaoabudu neno "orijino". Kwao nati ya China ni dhambi. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha kwamba Soichiro Honda mwenyewe alianza mwaka 1946 kwa kununua vijiinjini vya jenereta za redio za jeshi vilivyobaki baada ya vita, akavifunga kwenye baiskeli. Inasimuliwa kwamba tangi la kwanza la majaribio lilikuwa chombo cha nyumbani cha kutilia maji ya moto. Orijino ya maorijino ilikuwa ya kuokoteza.

Jibu langu nililipata kwenye tangi. Upande wa kulia lina bonde kubwa kama kiganja, kumbukumbu ya siku mzee alipoteleza kwenye tope la mbuga akiwa amebeba mizani. Fundi rangi alitaka kulijaza puti. "Litakuwa kama yai," akasema. Nikakataa, akapuliza rangi nyekundu juu ya bonde lile lile. Siku ya kuiwasha, mzee aliletwa na mjukuu wake akiwa ameshikwa mkono, maana macho yake sasa yanatofautisha mchana na usiku tu. Mlio haukumwambia kitu, eksozi ni ya China. Akapapasa usukani, akapapasa kiti, akawa kama mtu aliyepelekwa nyumba isiyo yake. Kisha kiganja kikaingia kwenye lile bonde, kikakaa. Akasema, "Ndiyo yenyewe."

Basi nikajiwekea kanuni: kitu ni historia yake. Vyuma huja na kuondoka kama watu ndani ya ukoo, ila ile njia iliyopitwa haikatiki. Nilijiona nimewashinda Wagiriki. Nikaitangaza kanuni yangu kijiweni, yule jamaa wa jembe akaninunulia soda.

Tatizo ni kabureta.

Sijaitaja mpaka sasa, na umeona jinsi nilivyoikwepa nilipokuwa nahesabu spea. Kabureta ya mzee ilikuwa imeliwa na kutu ndani, haifai hata kwa pampu ya mchicha. Mpya dukani elfu 40. Mfukoni nilikuwa na elfu 15. Jioni moja, giza linaingia, akaja kijana nisiyemjua vizuri, ameviringisha kitu kwenye fulana. Kabureta, safi, bado inanuka petroli. Anataka elfu 12. Sikumwuliza kaitoa wapi. Ila niliona, na hili ndilo linalonisumbua, niliona kwamba kile kipande cha mpira wa mafuta kilichobaki juu yake hakikuchomolewa. Kilikatwa kwa kisu. Fundi hachomoi mpira kwa kisu. Hukata hivyo mtu mwenye haraka, usiku, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu.

Nilinunua. Usiku ule ule nikaifunga, asubuhi ikawaka kiki ya pili. Ile "ndiyo yenyewe" ya mzee ilitamkwa juu ya kabureta hiyo.

Siku nne baadaye kijiweni dereva mmoja wa bodaboda alikuwa anasimulia jinsi alivyoamka akakuta pikipiki yake haina kabureta. Haikuwa yake, ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na tayari alikuwa nyuma siku kadhaa. Watu wakampa pole. Mimi pia nilimpa pole. Tajiri akachukua chombo chake, na kijana akaenda machimboni. Wengine wanasema Kakola, wengine Geita.

Nimejaribu visingizio vyote, niwe mkweli. Kabureta haina namba kama fremu, labda si hiyo. Nisingenunua mimi angenunua mwingine. Alikuwa na madeni hata kabla. Lakini kisingizio nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha kifalsafa: kabureta ikishafungwa kwenye Honda ya baba inakuwa ya Honda ya baba, kama maji yaliyoingia mtoni. Ilikuwa nyingine, sasa ni hii. Kinasikika kitamu. Na nilikuwa karibu kukiamini, mpaka nilipokiweka sambamba na kanuni yangu mwenyewe. Kama historia ya kitu haifutwi kwa kubadilishwa krenki, pistoni na magurudumu, kama bonde la tangi linaweza kumrudishia kipofu pikipiki yake baada ya miaka ishirini, basi historia ya kabureta nayo haifutwi kwa bolti mbili nilizozikaza mimi. Kile kipande cha mpira kilichokatwa ni bonde lake. Siwezi kudai vya baba vina kumbukumbu na vya yule dereva ni chuma tu. Ningetaka kuwa huru, ningepaswa kusema kitu ni jumla ya vyuma, basi. Lakini hapo namnyang'anya mzee pikipiki yake. Nimejifunga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe na kuinywea soda.

Nimeifungua kabureta. Ipo kwenye kopo la Kimbo chini ya kitanda, imelowekwa oili isishike kutu. Utaniambia: nunua mpya, mambo yaishe. Elfu 40 nimeshaipata, mwezi wa pili sasa, ipo chini ya godoro juu kidogo tu ya kopo hilo. Kila nikiishika naona si ya kununulia kitu changu. Na usidhani mwenye kudai hapatikani kabisa. Mama yake yupo Majengo, anauza vitumbua karibu na njia. Napita pale karibu kila asubuhi. Nanunua vitatu, ananiuliza hali ya mzee, namjibu mzee hajambo, naondoka. Kumpa hela ni rahisi. Ila ataniuliza ni ya nini.

Juzi mzee alikuwa ameketi nje, amegeuzia uso upande wa mwembe.

"Mwanangu, mbona siku hizi siisikii?"

Nikamwambia nasubiri spea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza spea gani.